Bado Nzima na Fidla Yake

Mume wangu ni mkaguzi wa magari, na ukitaka kumjua usimtazame akiwa nyumbani, mtazame akiwa kazini. Husimama katikati ya ua wa ukaguzi, kofia imekazwa hadi kwenye nyusi, tochi mkononi, na gari kabla halijamaliza kuingia getini yeye ameshaanza kutikisa kichwa. Ataingia chini ya lori na shati lake jeupe, atoke na kidole cheusi, amwonyeshe dereva: unaiona hii? Dereva ataapa kwa mama yake mzazi kwamba gari ni zima, jana tu limetoka safari ndefu. Mume wangu hasikii la mtu. Taa ya nyuma imefifia, rudi gereji. Kioo cha pembeni kinacheza, rudi gereji. Kuna mwenye basi mmoja alimlilia mbele ya abiria kwa ajili ya bawaba ya mlango, na gereji akarudi vilevile. Madereva wamempa majina ambayo mimi, mke wake wa ndoa, siwezi kuyatamka mbele ya wateja.

Wateja wangu wao wamempa jina moja tu. Mimi ni msusi. Saluni yangu ni chumba cha mbele cha nyumba yetu, na mtu akija kusukwa hukaa kitini muda wa kutosha kusikia yote yanayopita nyuma ya ukuta. Na nyuma ya ukuta, kila jioni, mume wangu hupiga fidla. Wanamwita Bado Nzima, na jina hilo amejitafutia mwenyewe.

Ngoja nikueleze hiyo fidla. Shingo yake, yaani ule mti mrefu ambao mpigaji huushika kwa mkono wa kushoto, imelegea pale inapoungana na tumbo, ukiitingisha inacheza kama jino la mtoto. Kwa kuwa shingo imeinama, nyuzi zimenyanyuka, na kuzibana kwa kidole mpaka ukaze meno. Kigingi kimoja cha kukazia uzi hakishiki, amekichomekea karatasi. Na tumboni kuna ufa mrefu, ambao fidla ikifika sauti fulani huvuma kama nzi aliyefungiwa kwenye chupa. Mteja akimsikia yule nzi anageuza kichwa ghafla, mimi napotea njia katikati ya nywele zake, anauliza: hivi huyu bwana hapeleki kitu chake kwa fundi? Basi mume wangu, mtu anayesikia nati iliyolegea kutoka ng'ambo ya barabara, hujibu kutoka huko ndani bila hata kusimamisha upinde: bado nzima.

Usidhani ni ubahili. Viatu vya watoto vikianza kuchanika ananunua vingine, paa likivuja anapanda mwenyewe na nyundo. Ni kwenye fidla tu ndipo anapojifanya hamnazo. Ukimbana sana anakutolea marehemu baba yake. Eti fidla ni ya baba, mkono wa baba umo humo, na fundi akiifungua tu, mkono wa baba utatoka na hautarudi. Akisema hivyo sauti yake inashuka, anaangalia dirishani, na wageni wanalainika kabisa. Nimewahi kumwona mtu mzima akifuta machozi sebuleni kwangu kwa ajili ya mkono huo. Sasa mimi mama mkwe aliniambia kwa mdomo wake, tumekaa wawili jikoni, kwamba marehemu aliinunua ile fidla ili kuziba doa la unyevu ukutani, na hakuwahi kuishusha ila kuifuta vumbi. Nikanyamaza. Mtu unaweza kumvunjia mumeo vitu vingi, lakini si baba yake.

Kumbe kilichokuwa kikimfaa zaidi hakikuwa baba, kilikuwa ni pole. Sikiliza ilivyokuwa. Ofisini kwao wakiwa na sherehe, lazima aombwe apige kidogo. Anasimama, anaweka kidevu, anaanza vizuri tu, kisha mambo yanaharibika. Hapo anaishusha fidla, anaitazama kwa jicho lilelile la ua wa ukaguzi, anatikisa kichwa. Watu wote: aa, pole bwana. Na lazima atokee mmoja wa kusema kwamba huyu angepata fidla nzima, angekuwa mbali sana, angesafiri dunia huyu. Mume wangu anainamisha macho kwa unyenyekevu na kukaa. Anarudi nyumbani ameshiba sifa za nyimbo ambazo hakuzipiga. Mtaa mzima ulimjua kama msanii mkubwa aliyefungwa na kipande cha mbao, na nikwambie ukweli, hata mimi wakati ananichumbia niliamini hivyo. Nilijiona naolewa na hazina iliyofukiwa.

Mwalimu wake alikuwa dada yake wa toka nitoke, wifi yangu. Wifi amemlea yule mume wangu, mama yao alikuwa akitoka kazini jioni amechoka hajiwezi, kwa hiyo ni dada aliyembeba mgongoni, aliyempeleka shule na aliyepigana na waliomchokoza. Hakuolewa, na hakuonekana kusikitika. Maisha yake yalikuwa chumba kimoja nyuma ya ukumbi wa jamii, alikopewa nafasi ya kufundisha fidla watoto wa mtaa wetu. Dirisha halifungiki, viti havifanani hata viwili, ubaoni ile mistari ya kuandikia muziki imechorwa kwa rangi ya mafuta ili isifutike. Kwa watoto alikuwa moto. Mtoto akija na uzi uliolegea hakai kitini mpaka aurekebishe, na mzazi akileta fidla yenye kasoro anarudishwa nayo mlangoni, mbele ya wenzake, bila haya wala soni.

Lakini mdogo wake akiingia, yule mkali anayeyuka. Badala ya kutengeneza fidla, alikuwa akitengeneza somo. Shingo ilipoinama kidogo na sauti ikashuka, alimwambia panda juu kidogo, mdogo wangu, na yeye akasogeza kidole juu. Shingo ikainama tena, akasogezwa tena. Nyuzi zilipozidi kunyanyuka, akaambiwa bana, bana zaidi. Mimi nikipita kumpelekea ufunguo nilikuwa nawasikia, panda, bana, nikadhani ndio ufundi wenyewe. Hata watoto waliwekwa kwenye mpango. Wakikaribia ile sehemu ya nzi, mwalimu hunyanyua nyusi, na wote huongeza sauti kumfunika mjomba. Watoto wadogo kama wale, wamefundishwa kuficha aibu ya mtu mwenye ndevu.

Mambo yangeendelea hivyo mpaka tuzeeke. Ila kamati ya ukumbi ikapata wateja wengine wa kile chumba, kikundi cha mazoezi ya viungo, watu wenye vikuza sauti na wanachama wengi. Mwenyekiti wa kamati, kwa kutaka kuonekana anatenda haki, akamwambia wifi kwamba hawatamtoa hivihivi. Wataleta mtaalamu wa muziki, mtu wa nje asiyemjua yeyote, asikilize darasa zima. Akisema hapa panafundishwa muziki, chumba kinabaki. Akisema hapa ni kelele, chumba kinakwenda kwa wanamazoezi.

Wifi akaja saluni asubuhi kabla sijafungua. Akakaa kwenye kiti cha kusukia ingawa nywele zake zilikuwa bado nzuri, nikazifumua tu ili mikono yangu iwe na kazi wakati anaongea. Nyumbani kwake ni chumba kimoja kilichobanwa na majirani kulia na kushoto, huko hata kupiga chafya wanagonga ukuta. Hapakuwa na mahali pengine pa kufundishia, wote tulijua.

"Wifi," akaniambia, "chumba kile kikiondoka, mimi nitakuwa nani?"

Nikamuuliza kama watoto wako tayari. Akasema watoto hana wasiwasi nao. Tukatazamana kwenye kioo, na wala hakuna aliyehitaji kumtaja ambaye ana wasiwasi naye. Kumwambia asije hakuweza, kwa sababu yeye ndiye mwanafunzi wa zamani kuliko wote, na mstari wa mbele ameukalia kama kiti cha urithi. Kwa hiyo ilibaki njia moja, fidla iende kwa fundi.

Akaanza kwa upole. Mume wangu akasema sawa, baada ya mgeni kuja na kuondoka. Dada akasema la, kabla. Akasema gundi mpya inabadilisha sauti. Dada akasema atasimama pale pale kwa fundi ailinde sauti isibadilike. Akasema fundi mwenyewe anatengeneza na makabati, mtu gani wa fidla anatengeneza makabati? Dada akasema mafundi wa fidla tupu hapa hatuna, na kabati alilomtengenezea jirani limekaa vizuri. Hapo mume wangu akatoa lile la mkono wa baba, dada akanyamaza, maana baba alikuwa wake pia, na doa la ukutani alilijua vizuri zaidi.

Nikaona hawa ndugu wataoneana haya mpaka chumba kiondoke. Jioni moja, chakula mezani, nikachukua tochi yake ya kazini. Nikaishusha fidla, nikaimulika chini na juu, nikakunja uso, nikatikisa kichwa kama yeye. Nikasema shingo inacheza, tumbo lina ufa, kigingi kimefungwa na karatasi, chombo hiki hakiingii barabarani, rudi gereji. Watoto walicheka mpaka maji yakawatoka puani. Yeye alinuna. Alilala amenipa mgongo, na kesho yake akaondoka bila kuaga. Nilifikiri kafedheheka na ataipeleka. Wapi.

Basi nikaichukua mwenyewe. Nilisubiri aende kazini, nikaivingirisha kwenye taulo la saluni na kwenda nayo kwa fundi. Fundi yule ni mpenda sifa, alinieleza historia yake yote tangu alipoanza na vigoda, lakini mikono ilikuwa ikifanya kazi wakati mdomo unakwenda. Akaitoa shingo, akapaka gundi, akaifunga na vibanio, akaniambia isiguswe mpaka ikauke kabisa. Nikarudi nikiimba. Kosa langu ni kwamba nilimweleza mteja, na mteja mwenyewe mume wake ni dereva wa lori, na lori lilikuwa kwenye foleni ya ukaguzi mchana huohuo.

Mume wangu, ambaye hajawahi kuondoka uani hata siku ya kuumwa jino, aliacha magari yamepanga mstari, akaenda kwa fundi na kufungua vibanio kwa mikono yake mwenyewe, gundi ikiwa mbichi. Fundi alimsihi, hakusikia. Akaja nayo nyumbani ameikumbatia, gundi imemganda kwenye shati, na shingo sasa imekaa vibaya kuliko mwanzo. Nilikuwa nina mteja. Nikamwomba radhi mteja, nikamfuata mume wangu chumbani, nikafunga mlango. Nilikuwa nimepandwa na hasira.

Nikamwambia yote. Nikamwambia dada yake aliyembeba mgongoni anapoteza chumba, na yeye anakumbatia mbao. Nikamwambia ua mzima wa ukaguzi utamcheka, na mimi nitakuwa wa kwanza. Akabaki amekaa ukingoni mwa kitanda, anabandua gundi kwenye kifungo cha shati. Nikamuuliza: "Lakini unaogopa nini?"

Nilidhani atamtaja baba. Akaendelea kubandua gundi, kisha akasema polepole, bila kunitazama: "Siku itakapotengenezwa, halafu nikapiga vilevile, mtanipa pole ya nini?"

Nilimwonea huruma, na nikakasirika kwa kumwonea huruma, kwa sababu nilikuja pale kugombana. Kumbe bwana huyu alikuwa ameshajikagua kitambo na kujifichia majibu. Nikamwambia angalau atajua kama anajua kupiga au hajui. Akasema, "Sitaki kujua." Akaifunga fidla kwenye boksi lake, na mimi nikarudi kwa mteja, nikamsuka upande mmoja ukawa mnene kuliko mwingine.

Nilimpelekea wifi maneno yale kama nilivyoyasikia. Akasema tumwache. Atamhamishia mstari wa nyuma, watoto watamfunika kama siku zote, Mungu akipenda mtaalamu atakuwa mzito wa masikio. Nikamwambia kuomba mtaalamu wa muziki awe kiziwi ni sala ya ajabu. Hakucheka.

Siku ikafika. Watoto wameoga, nywele zao nimezishughulikia mimi, wamekaa na fidla magotini wakiogopa hata kujikuna. Mtaalamu alikuwa mama wa makamo, miwani imening'inia shingoni, sauti ya chini, hana haraka. Mwenyekiti wa kamati alikaa kando yake akitazama saa. Na mume wangu? Mstari wa nyuma aliusikia, lakini hakuuona. Alikaa mbele kabisa, suti ya harusi yetu, tumbo limefungiwa ndani kwa nguvu.

Wifi akanyanyua mkono ili walinganishe nyuzi. Mume wangu akakamata kile kigingi chenye karatasi, akakizungusha, akakizungusha tena, na shingo ya fidla ikaachia. Ilitoa mlio mmoja mkavu, nyuzi zikalegea zote, na kile kidaraja kidogo kinachozibeba kikaruka mpaka chini ya kiti cha mwenyekiti. Mume wangu akabaki amesimama, shingo mkono huu, tumbo mkono ule. Mtoto mmoja alicheka, akafinywa na mwenzake.

Sasa mimi nilikuwa naangalia uso wa mume wangu, na nitasema nilichokiona. Hakuhuzunika. Ulikuwa uso wa mtu aliyepewa likizo. Akaanza kutikisa kichwa taratibu, akasema mmeona wenyewe, na tayari alikuwa anarudi kukaa, asubiri pole zake.

Mtaalamu akasema, kwa ile sauti yake ya chini, kwamba bwana apewe nyingine, na angependa kumsikia yeye kwanza, peke yake, kwa kuwa ndiye mkubwa.

Pale mbele hapakuwa na fidla nyingine ya mtu mzima isipokuwa ya mwalimu. Wifi akaitoa begani kwake. Mume wangu alisema, "Dada, hapana," kwa sauti iliyonifanya nimwazie akiwa na umri wa kubebwa. Wifi akamkabidhi. Afanyeje, mtaalamu anatazama, mwenyekiti anatazama, watoto wanatazama.

Alipiga ule wimbo ambao watoto wanaupiga hata wakisinzia. Vidole vyake vikatua pale pale vilipozoea, juu, na juu zaidi, na kubana kwa nguvu zile za kubana nyuzi zilizonyanyuka. Fidla ya dada yake ilikuwa nzima, nyuzi zimelala vizuri karibu na mti, haikuhitaji nguvu hata kidogo. Ikapiga kelele. Kila sauti ilitoka juu ya mahali pake, kali, inakata masikio, na jambo la kuogofya ni kwamba nzi hakuwepo. Hapakuwa na ufa wa kuufunika wala kigingi cha kukilaumu. Kila kosa lilitoka safi, mtu akalisikia lote. Alimaliza, kwa sababu aliona aibu zaidi kuacha katikati. Akashusha fidla. Alianza kuitazama kwa lile jicho lake, kisha akaona ni ya dada, akaacha.

Hakuna aliyesema pole.

Mtaalamu alinyanyuka, akauchukua mkono wa kushoto wa mume wangu, akaugeuza kama daktari. Akaziangalia ncha za vidole, ngumu kama kisigino. "Mkono huu una bidii sana," akasema, "lakini umefundishwa vibaya. Kila kidole kimezoezwa kukaa pasipo pake, na hili si jambo la siku moja. Mwalimu wako ni nani?"

Mwenyekiti aliacha kutazama saa. Watoto, kwa utii wao wa kijinga, wote waligeuza macho kwa mwalimu. Nilimwona wifi akifungua mdomo. Si mwongo yule, hajui hata kuanza. Alikuwa anakwenda kusema ni mimi, na chumba kilikuwa kinakwenda pamoja na hilo neno. Nikashika kiti cha mbele yangu.

Mume wangu akawahi. "Sina mwalimu," akasema. "Nimejifunza mwenyewe, nyumbani. Huyu ni dada yangu tu, mimi hapa huja kumsaidia kupanga viti."

Mtoto wa mstari wa mbele alitaka kusahihisha. Nilimkazia jicho akalimeza.

"Ndiyo maana," mtaalamu akasema, akauachia ule mkono. Akawageukia watoto. Nao walipiga, jamani, walipiga vizuri mpaka mwenyekiti akasahau kwamba ana wanamazoezi. Mtaalamu hakusema mengi. Alimpa wifi mkono, akasema mbele ya wote kwamba hapa panafundishwa kweli, na hata asiyejua muziki angeona tofauti ya waliofundishwa na yule ambaye hakufundishwa. Chumba kikabaki.

Watu walipotoka, mume wangu alikusanya vipande vya fidla akavitia kwenye boksi. Kisha, kwa kuwa alishasema mbele ya kamati, akaanza kupanga viti. Wifi akanivuta mkono mpaka nje ya ukumbi, karibu na mabomba ya maji. Nilidhani anataka tufurahi. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Wifi, ule mkono nimeuharibu mimi," akasema. "Kila shingo ilipoinama nilimsogeza kidole. Niliona rahisi kumsogeza yeye kuliko kumwambia ukweli. Alipokuja kwangu alikuwa na mkono mzuri kuliko mtoto yeyote niliyewahi kumfundisha."

Nilisimama pale kama niliyepigwa kofi. Miaka yote nimemcheka kwa kuwa kila kosa anaisingizia fidla, na kumbe alikuwa na haki nusu nzima. Na leo, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, amesimama mbele za watu akabeba kosa mwenyewe, na kosa lenyewe halikuwa lake. Nililia, sioni haya kusema. Nililia nikiwa nimekasirika na wote wawili.

Wifi akajifuta, akasema anaingia kumwambia sasa hivi. Nikaziba mlango kwa mkono.

"Thubutu," nikamwambia. "Ukimwambia tu, fidla itapumzika na wewe utaanza zamu. Mimi nimeishi na lawama za mbao, lakini lawama za wifi sitaziweza."

Alitaka kubisha, lakini alimjua mdogo wake. Tukakubaliana kumficha, wanawake wawili watu wazima kando ya mabomba, na sijui mpaka leo kama tulimtendea haki.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, mimi na yeye. Boksi alilishika chini ya kwapa na hakutafuta neno la kulisingizia. Tulipokaribia kwetu akaniuliza kwa nini dada alikuwa analia kule nje. Nikamwambia hakuwa analia, tulikuwa tunaongea habari za nywele.

"Mwambie asihuzunike," akasema. "Alinifundisha vizuri sana. Kasoro ilikuwa kwangu."

Nikamwambia nitamwambia.